Mwalimu Alitaka Bembea, Mimi Nilitaka Meli

Wanakwaya wenzangu, tangu turudi hamjaniacha nipumue. Mama Sekela kaniuliza kisimani, Mama Joeli kaniuliza kanisani mchungaji akiwa katikati ya maombi, na juzi kuna aliyenishika kanga sokoni: "Tumesikia mliachana kwenye treni!" Basi nimechukua daftari moja la mume wangu, Mwalimu, nimeandika yote kwa mpigo. Mkimaliza kusoma mpokezane. Mwalimu mwenyewe ameshalipitia. Amesahihisha herufi kubwa, mengine ameyaacha kama yalivyo, ingawa alikuna kichwa sana.

Kinyumenyume hadi Tunduma

Mnajua Neema wetu alipoolewa tulibaki wawili tu. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Mwalimu akitoka shuleni anasoma gazeti la wiki iliyopita, mimi nachambua maharage, na mazungumzo yetu yakawa "Chumvi ipo?" "Ipo." Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na safari zetu zote za pamoja zilikuwa za misiba. Likizo ya katikati ya mwaka ilipokaribia akasema, kama anayetangaza mtihani, "Mwaka huu tutatembea. Mimi na wewe tu."

Nilifurahi siku moja nzima. Siku ya pili tukaanza kugombana tuende wapi.

Mwalimu alitaka viwanja vya Sabasaba, Dar es Salaam. Mwalimu mwenzake alimsimulia kwamba siku za maonyesho huwekwa bembea za kila aina: gurudumu kubwa lenye viti linalompandisha mtu hadi aone mapaa ya mji mzima, farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, na gari dogo la moshi linalopita katikati ya watu. Nyumba ya wageni iko karibu na lango, kiasi kwamba mtu anaamka, anakunywa chai, anakwenda kubembea. Wiki nzima hivyo. Mtu mzima wa miaka arobaini na nane, ambaye nyumbani hapandi hata ngazi ya ghala bila mimi kuishika!

Mimi nilitaka meli ya Ziwa Nyasa, na kosa lilikuwa lake. Shamba letu la kahawa linapakana na darasa la tano. Kila mwaka namsikia kupitia dirishani akifundisha ziwa hilo: urefu wake, kina chake, milima inavyoshuka wima hadi majini, meli inavyoondoka Itungi na kutia nanga kituo baada ya kituo mpaka Mbamba Bay. Anafundisha vizuri mno. Nimechuma kahawa miaka mingi mikono ikiwa shambani na mwenyewe nikiwa ndani ya meli ile.

"Nataka nikae melini siku mbili bila kupika," nilimwambia.

"Meli ile ni ya mizigo."

"Hata mimi ni wa mizigo. Tutaelewana."

Akarudi kwenye gazeti lake. Ndivyo alivyokuwa kila nikitaja meli, na mimi nikaona ni kiburi tu.

Tukaondoka bila kukubaliana, kwa sababu njia zote mbili zinapitia Mbeya. Kahawa tukawaachia Neema na mumewe. Lakini badala ya kusubiri treni Vwawa kama watu wenye akili zao, Mwalimu akasema tupande gari la kwenda Tunduma, tukaingilie treni hukohuko mpakani ili tupate viti vya dirishani. Yaani tulikuwa tunakwenda mashariki, tukaanza kwa kwenda magharibi. Nilikuja kuelewa baadaye. Alitaka nikae vizuri mno, nisitamani kushuka Mbeya.

Treni haikuwa na haraka siku ile. Tulikaa kwenye mizigo yetu, na akapita mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka anauza dagaa wakavu, wale wanaowaita kapenta. Akamwinamia Mwalimu kwa adabu: "Mwashibukeni, ba tata."

"Hapana," alisema Mwalimu. "Mimi ni Mwashilindi."

"Eya, mwashibukeni mukwai!"

"Mwa-shi-li-ndi," alirudia Mwalimu, silabi moja moja, kama yuko darasani. "Huyo Mwashibukeni simfahamu. Labda ni wa Mlowo."

Yule mama akanitazama mimi. Kijana wa kupakia mizigo alicheka hadi akaweka gunia chini, ndipo akatufafanulia kwamba ni Kibemba, mama wa watu anauliza tumeamkaje. Mwalimu akanunua dagaa wengi kuliko tulivyohitaji, kwa aibu, na tukasafiri na harufu yao njia nzima.

Tunduma hadi Mbeya, viti vya dirishani

Viti tulipata, nakiri. Mbele yetu walikaa mzee mmoja na mkewe: Mzee Athumani, mfanyabiashara wa vitenge pale Tunduma, asili yake Kondoa, na Bi Zuhura, mama mnene mwenye sauti ya kupoza. Hatujafika hata Vwawa, Bi Zuhura alishafungua kikapu. Chapati zilizofungwa kwenye kitambaa cheupe, samaki wa kukaanga, na chupa ya chai yenye sukari. Sukari! Mnajua ilivyoadimika madukani. Sisi wa Mbozi tulikuwa tumeshazoea kuitazama chai kabla ya kuinywa, labda itakuwa tamu yenyewe.

"Karibuni, ndugu zetu," alisema. "Mnakwenda wapi?"

"Sabasaba," alijibu Mwalimu.

"Kwenye meli," nilijibu mimi.

Mzee Athumani akachungulia dirishani, kisha akatugeukia. "Samahani, Mwalimu. Hii treni mmepanda pamoja kweli?"

Ikawa kesi, na wale wawili wakawa wazee wa baraza. Mwalimu akatoa hoja zake. Bembea ukichoka unashuka, melini ukichoka utashukia wapi? Dar kuna chakula cha kuchagua, melini unakula ulichopewa. Nami nikasema bembea inakuzungusha na kukurudisha palepale ulipopandia, na hiyo mimi ninayo nyumbani, sihitaji kuifuata Dar es Salaam.

Bi Zuhura alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hiyo hata mimi naijua! Nimekaa na huyu miaka thelathini."

"Na hujashuka," alisema Mzee Athumani.

"Nitashukia wapi, na kikapu nimeshika mimi?"

Tulicheka wote, hata Mwalimu. Kwa muda ule mfupi nilidhani mambo yamekwisha na kwamba nitakwenda hata huko Sabasaba. Ndipo nikamuuliza kwa upole kabisa, "Lakini hebu niambie, kwa nini hasa hutaki meli?"

Akakunja uso. "Nimeshasema. Sitaki."

Basi tu. Mbele ya watu, kama anamjibu mtoto wa darasa la kwanza.

Treni iliposimama Mbeya nikainuka, nikachukua kikapu changu cha chakula na furushi la nguo zangu. Mwalimu akatabasamu kwa Mzee Athumani, lile tabasamu analompa mwanafunzi anayedai kuacha shule. "Atarudi sasa hivi." Nikashuka. Nikasimama chini ya dirisha lake.

"Panda, Mama Neema. Inaondoka."

"Shuka, Mwalimu."

"Tusiaibishane mbele za watu."

Honi ikalia. Wenzangu, niwaambie ukweli: nilitaka kupanda. Miguu ndiyo iliyokataa. Behewa likaanza kusogea na tabasamu la Mwalimu likaanza kupungua, na kitu cha mwisho nilichokiona ni mkono wa Bi Zuhura. Sikujua kama alikuwa ananipungia au anampiga mume wangu.

Mbeya hadi Tukuyu, peke yangu

Nilipata basi. Lilijaa, likasimama kila penye mgomba, na Rungwe kuna migomba mingi. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinipa karanga za kuchemsha, nami nikamgawia dagaa wa Tunduma, ambao kufikia hapo nilikuwa namgawia kila mtu. Akasema, "Ndaga fijo." Nikamjibu kwamba hapana, hawaitwi hivyo, wanaitwa kapenta. Alikuwa ananishukuru tu kwa lugha yao. Kumbe ugonjwa wa Mwalimu umeshaniingia.

Tukuyu nililala kwa mama mmoja Mmoraviani, Mama Lusajo, tuliyewahi kukutana naye kwenye mkutano wa wanawake. Alinipikia ndizi na nyama, akaniuliza mume wangu yuko wapi.

"Amekwenda Dar kikazi," nilisema.

Nikaacha kula. Mama Lusajo alinisogezea maji tu. Mnanijua, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini pale nililia kwenye sahani ya mwenyeji. Sikulilia meli. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nyumba isiyo na Neema ina sababu ya kuwa na sisi. Mke wake wa ndoa ya miaka ishirini na miwili ameachwa stesheni, na yeye hakushuka. Akirudi kutoka Dar nitamwambia nini, chumvi ipo?

Asubuhi Mama Lusajo akanisindikiza hadi kwenye gari la Kyela. "Nenda ukapande meli yako," alisema. "Umeshalipa gharama yake."

Itungi, kuisubiri

Meli ilikuwepo. Ilikuwa nyeupe, ndogo kuliko ile niliyoijenga kichwani, lakini ya kweli. Haikuondoka. Upepo wa mwera ulikuwa unavuma kutoka kusini, ziwa limechafuka, na nahodha alisema hatoki mpaka utulie. Watu hawakushangaa. Walitandika mikeka kati ya magunia ya mchele, wakawasha moto kwenye mafiga, na bandari ikawa kijiji. Mjumbe wa nyumba kumi tu ndiye aliyekosekana. Mama mmoja muuza samaki alinipa nafasi kwenye mkeka wake kwa sharti moja, kwamba nimsaidie kufukuza kunguru.

Nilikaa siku mbili nikifukuza kunguru na kulitazama ziwa. Lilikuwa kama alivyofundisha. Milima imesimama upande wa pili, imeshuka moja kwa moja majini bila kuomba njia. Nilitaka kumwambia mtu, "Tazama, hata rangi aliisema." Sikuwa na wa kumwambia. Nikamwambia mama wa samaki, naye akasema samaki hawapatikani.

Siku ya pili mchana likaja lori la mpunga. Juu ya magunia alikaa mtu aliyejaa vumbi la pumba, nywele nyeupe, kope nyeupe, begi la shule kifuani. Nilisema moyoni, maskini babu wa watu, wamempakia kama mzigo. Babu akashuka kwa shida, akajikung'uta, akawa Mwalimu.

Alikuja akasimama mbele yangu. Hatukuwa peke yetu, bandari nzima iliacha kupika.

"Umeondoka na chakula," alisema.

"Kuku aliishia Tukuyu."

"Na viazi?"

"Vimebaki viwili."

Akakaa kwenye mkeka, akala viazi vyote viwili bila kuvimenya. Mama wa samaki akamnong'oneza jirani yake, "Ni mumewe," kwa sauti iliyofika hadi kwenye meli.

Akanisimulia kidogokidogo. Treni ilipotoka Mbeya, Bi Zuhura alizikunja chapati zake, akafunga kitambaa. Mwalimu alipotazama kikapu, akamwambia, "Nilikaribisha watu wawili. Huyu mmoja simjui." Mzee Athumani alijifanya amelala. Kufika Chimala, Mwalimu akashuka. Kesho yake alirudi Mbeya kwa lori, akalala huko, akapata lori jingine.

"Ungenifuata tu moja kwa moja siku ile," nilisema, maana nilikuwa bado nataka kugombana kidogo.

"Sikujua kama utaondoka kweli."

"Hata mimi sikujua."

Jambo moja nililigundua lakini sikulipa uzito: alikuwa amekaa akilipa ziwa mgongo. Viazi vyake alivila akilitazama ghala.

Melini

Mwera ulitulia kesho yake asubuhi, tukapanda. Mimi nilikimbilia ukingoni kama mtoto. Mwalimu alipita daraja la kupandia huku amefumba macho. Nikadhani ni vumbi la pumba. Akatafuta mahali katikati kabisa ya meli, penye nguzo ya chuma, akakaa na kuikumbatia.

Kisha akaanza maswali. Kila baharia aliyepita alimsimamisha. Maboya ya kujiokolea ni mangapi? Abiria ni wangapi? Boya lile limejaribiwa lini? Pampu inafanya kazi? Alikuwa na kalamu mfukoni na daftari mkononi, na aliuliza kwa ile sauti yake ya mtihani. Baada ya muda nikaona mabaharia wananong'onezana. Wakaja wakafuta sitaha. Wakafunga kamba zilizolegea. Mmoja akaleta sahani mbili za wali wa Kyela na mbasa mzimamzima wa kuchoma, akasema kwa heshima zote, "Karibu, ndugu mkaguzi. Na mama pia."

Nilitaka kuwaambia kwamba si mkaguzi, ni mwalimu wa darasa la tano. Mwalimu naye alifungua kinywa aseme. Lakini harufu ya yule samaki! Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Tunduma tukakubaliana jambo bila kujadili. Nilikula chakula ambacho sikukipika, kwenye meli, katikati ya ziwa, na hata nikamwachia mkaguzi kichwa cha samaki.

Alasiri upepo ukarudi. Meli ikaanza kuinama huku na huku. Watu waliozoea wakaendelea kucheza karata, mimi nikawa nashika ukingo na kucheka, maana ilikuwa bembea kuliko bembea zote. Nikageuka kumwonyesha Mwalimu. Alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono na miguu, jasho linamtiririka na huku kuna baridi.

"Mwalimu wa jiografia!" nilimtania. "Kina chake ni mita ngapi hapa?"

Nikasogea karibu nikaona amefumba macho kama pale darajani. Nikaacha kucheka, nikakaa chini pale.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema.

"Amosi." Nilijua jina tu. Nilipoolewa niliambiwa alifariki utotoni, na kwao hakuna aliyemtaja tena.

"Tulikuwa tunachunga Msangano, kwa mjomba. Mvua zilikuwa zimenyesha juu huko, sisi hatukujua. Mimi nilitangulia kuvuka mto Momba na mbuzi, yeye akabaki ng'ambo anaogopa. Nikamwita. Nikamwambia njoo, maji ni ya magotini tu." Meli ikainuka tena, akaikaza nguzo. "Yalikuwa ya magotini nilipopita mimi."

Mchezaji mmoja wa karata alishangilia nyuma yetu.

"Na ziwa hili unalifundisha kila mwaka," nilisema baadaye.

"Niliona nikilijua lote, halitanitisha."

"Mbona hukuniambia? Ningekwenda Sabasaba bila neno. Ningebembea hata na hao farasi."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungeacha kuitaka meli." Alijifuta jasho kwa bega, hakutaka kuachia nguzo. "Ulikuwa unaitaja ukiwa unachuma kahawa. Nilikuwa nakusikia, dirisha linapitisha sauti pande zote mbili. Nikaona bora ukasirike na mimi kuliko uache kuitaka."

Wenzangu, mnamfahamu Mwalimu. Mtu wa "chumvi ipo?" Sikujua kama nimkumbatie au nimpige na daftari lake. Nilikumbatia ile nguzo kutoka upande wangu, tukakaa hivyo, chuma kikiwa katikati yetu, mpaka upepo ulipochoka. Baharia akapita akauliza kama ndugu mkaguzi ana tatizo lolote na nguzo. Mwalimu akasema hapana, iko imara.

Mbamba Bay

Tulipofika, Mwalimu alikuwa wa kwanza kushuka, mbele ya wagonjwa na magunia. Alisimama kwenye nchi kavu akaigonga kwa kisigino mara mbili tatu kuhakikisha.

Tulikaa siku nne tukiisubiri meli ya kurudi, kwenye nyumba ndogo ya wageni ya kanisa. Mwenye nyumba alikuwa mjane mcheshi aliyetulisha dagaa wa ziwani wanaoitwa usipa, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara akiuliza kama tunapenda samaki. Hotuba za Sabasaba tulizisikia kwenye redio yake. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho akasema hata huko wanalalamika foleni.

Tuliongea sana siku zile. Aliniambia Amosi alikuwa na mwanya, alikuwa anaimba vibaya, alipenda mbuzi mmoja mweusi kuliko watu. Nilimweleza nilivyolia Tukuyu. Akaona haya, akaniuliza mara tatu kama Mama Lusajo alikasirika.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilikwenda kufua kanga ufukweni. Maji yalikuwa yametulia, mchanga unaonekana hadi mbali. Niliingia mpaka magotini. Mwalimu alikuwa amesimama juu, penye nyasi, viatu amevaa na kamba amezifunga vizuri, ananitazama.

Nikainua mkono nimwite. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini: njoo, maji ni ya magotini tu. Yakanichoma kabla sijayasema. Nikayameza. Nikaushusha mkono, nikageuka nikaendelea kufua, nikasugua pindo moja la kanga mpaka likakaribia kuchanika.

Muda ukapita, sijui kiasi gani. Nyuma yangu nikasikia mtu analalamika. Maji ni ya baridi, mchanga unateleza, mtu atavunjika hapa na hakuna hospitali. Sikugeuka. Malalamiko yakasogea, yakasimama, yakasogea tena. Mwishowe akawa ubavuni pangu, suruali imekunjwa hadi juu ya magoti, viatu vinaning'inia shingoni, anapumua kama aliyepanda mlima.

Tulisimama tukiitazama milima ile aliyoifundisha.

"Mama Neema," alisema.

"Abee."

"Sogea kidogo. Penye kina kifupi umesimama wewe."

Nikasogea.